Jina la Polikarp kwenye Karatasi Yangu

Lizaboni, Songea
20 Januari 2024

Kaka Egidi,

Nimepoteza nyumba. Ni ile ya Ruhuwiko, vyumba vinne na sebule, na nimeipoteza Jumamosi ya tarehe 6 Januari, saa tisa alasiri. Salamu zinafuata.

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima. Mwanangu Leo ameingia darasa la sita na mdogo wake Adela la tatu, wote tunalala chumba kimoja cha kupanga hapa Lizaboni. Mama kule Maposeni anasumbuliwa na goti la kushoto. La kulia limepona. Mahindi yake yamefika kiunoni. Nilikwenda na watoto kumpalilia siku nne, na ndani ya siku hizo nne shemeji yako Polikarp akabadilisha kitasa.

Nilifika na mkungu wa ndizi kichwani. Ufunguo wangu uliingia lakini haukuzunguka. Vitu vyetu alikuwa amevifunga kwenye viroba saba, akavipanga barazani kwa jirani. Nimevikagua. Kinachokosekana ni sufuria kubwa moja, ile ya wali wa watu hamsini, na sijui ataifanyia nini kwa sababu hajui kuwasha jiko. Nilipompigia simu alisema nyumba ni yake, karatasi ya kiwanja ina jina lake, na ameshapata mteja. Nikamwambia anadanganya. Akanijibu taratibu kabisa: "Kamuulize kaka yako. Yeye ndiye aliyeandikisha."

Kwa hiyo nakuuliza. Nimekupigia mara kumi na moja. Mara tatu ulipokea, ukasema mtandao mbovu. Barua haina mtandao. Nimempa kondakta wa basi linalopita Nakapanya, nimeandika namba ya basi, na nimebaki na nakala.

Kaka, Agosti 2011 nilikuwa Namtumbo, nawapikia watengeneza barabara kambini. Ulipita ukanikuta. Pesa yangu yote ya kiwanja ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Tuliihesabu juu ya kitanda changu mara mbili, mimi na wewe, ukaondoka nayo. Ukarudi ukasema kiwanja kimepatikana, karatasi iko kwenye sanduku la Baba. Baba alipofariki, Polikarp aliichukua, akasema anafuatilia mambo ya upimaji. Miaka kumi na miwili sikuifungua nikaisoma. Hilo ni kosa langu na nimeliandika upande wangu.

Upande wako naandika swali moja: kwa nini karatasi ina jina la Polikarp?

Msalimie wifi Careen na mwanangu Saimon.

Mdogo wako,
Oliva


Nakapanya, Tunduru
24 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Oliva,

Marahaba. Milele amina. Nimepokea barua yako nikiwa na afya njema, ingawa mgongo si ule wa zamani. Wifi yako anakusalimu sana. Saimon ameanza darasa la saba na ameshanikaribia urefu. Viatu vyangu havimwingii, kwa hiyo nimenunua viatu mara mbili. Mvua huku ni nyingi. Mikorosho tuliyopulizia mwaka jana ilitupa korosho nzuri, lakini ya mwaka huu tusiisemee mapema. Duka la vipuri vya pikipiki linasogea.

Habari zako zimenihuzunisha. Nilimsomea jirani yangu mzee Nassoro, bila kutaja majina, naye akasema hata meno na ulimi hukosana na bado hulala kinywa kimoja. Ni mtu mzima, ameishi na wake wawili, anajua anachosema. Mimi ushauri wangu ni huu: rudi Ruhuwiko, nenda na Mama au na mwenyekiti wa jumuiya, mwongee na Polikarp kwa utaratibu. Mwanamume akibadilisha kitasa ana jambo moyoni. Muulize ni nini. Ikibidi kuomba radhi, omba. Radhi haichubui mdomo.

Kuhusu karatasi, mambo ya mwaka ule yalikuwa mengi, Baba alikuwa hai, harusi yako ilikuwa inakaribia, kila mtu alikuwa na haraka. Sipendi kuyaandika nusu nusu. Siku tukikutana tutayazungumza vizuri.

Mpe Mama pole ya goti. Nimekutumia korosho kilo mbili kwa kondakta huyo huyo.

Kaka yako,
Egidi


Lizaboni, Songea
9 Machi 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo. Korosho zimefika, kilo moja na robo tatu. Kondakta naye ana meno. Tumekula, asante. Watoto wazima. Goti la Mama limehamia tena kulia. Mgahawa wangu unakwenda, sahani mia na kumi kwa siku, mia na arobaini siku ya mnada.

Umenishauri kusuluhishwa. Nimekaa nikahesabu. Jumuiya imetusuluhisha mara nne, Padre mara mbili, wazee wa Polikarp mara mbili, na ukoo wetu mara moja, wewe ukiwa mwenyekiti. Jumla mara tisa. Baada ya ile ya tisa, Mei 2021, Polikarp alikwenda Mbinga kununua kahawa. Alirudi Oktoba mwaka jana bila kahawa. Yule mwanamke wa huko alimchoka kabla yangu, na miezi mitatu baadaye nikabadilishiwa kitasa. Sasa niambie niombe radhi kwa lipi kati ya hayo, nipange foleni.

Sikurudi Ruhuwiko. Nimekwenda kwa wakili.

Anaitwa Zuhra, ni mtoto wa huko kwenu Tunduru, ofisi yake iko juu ya duka la nguo. Nilidhani ataanza na ada. Alianza na cheti cha ndoa. Nilimwambia ni ndoa ya kanisani na Kanisa halivunji. Akasema ya Kanisa ni ya Kanisa, mahakama inashughulika na yale ya serikali: talaka, mali, malezi na matunzo ya watoto. Nikasema sawa, kuolewa tena sitaki, nina wali wa kupika. Kisha akanipa makatazo matatu: nisivunje kitasa, nisisaini karatasi yoyote itakayoletwa na mtu yeyote hata kama ni Padre, na nisimtukane Polikarp kwenye simu kwa sababu huenda anarekodi. Hilo la tatu ndilo gumu.

Akauliza tumeshasuluhishwa. Nikamtajia zile mara tisa kwa fahari. Akauliza, "Fomu iko wapi?" Hakuna fomu. Mara tisa, kuku wangapi wamechinjwa, na hakuna hata kipande cha karatasi. Kumbe shauri la talaka haliendi mahakamani mpaka baraza la usuluhishi linalotambulika litoe hati kwamba limeshindwa kutupatanisha. Ningekwenda mwenyewe ningerudishwa mlangoni. Nimeshafungua shauri kwenye baraza la kata.

Jambo la pili, alinionyesha kwamba nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata karatasi ikiwa na jina la mmoja. Aliandika barua kwa ofisi ya mtaa na ofisi ya ardhi, nakala kwa yule mteja. Mteja aliisoma mara moja akakumbuka ana shughuli Njombe.

La tatu, aliniambia niorodheshe nani alichangia nini, pande zote mbili, bila chuki. Upande wangu: tofali elfu kumi na sita na mia nne, nilizofyatua na kuchoma mwenyewe; saruji mifuko mia na kumi na nane; fundi wa msingi, fundi wa lenta. Upande wa Polikarp: bati sabini na nne, mlango wa mbele, rangi ya sebule. Niliongeza kelele, wakili akakata. Halafu akaongeza yeye upande wangu: kupika, kufua, kulea. Nilidhani ananitania. Akasema kazi ya nyumbani ni mchango na mahakama huupima. Kaka, miaka kumi na miwili nimefanya kazi ambayo sikujua ina safu yake kwenye daftari.

Lakini kiwanja kimemkwamisha. Nakala ya karatasi tuliyoiona ofisi ya mtaa ni ya Agosti, harusi ni Novemba, jina ni la Polikarp. Mtu akisoma hivyo ataona Polikarp alikuwa na kiwanja chake kabla hajanioa. Anayejua pesa ilitoka wapi ni wewe peke yako, maana mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule amefariki, na muuzaji pia.

Swali langu bado liko pale pale. Barua iliyopita ulilijibu kwa hali ya hewa.

Mdogo wako,
Oliva


Nakapanya, Tunduru
28 Aprili 2024

Mpendwa Oliva,

Marahaba. Tunashukuru Mungu tu wazima. Usione nimekawia, barua yako iliwekwa dukani chini ya tairi za pikipiki, ikaonekana tulipouza tairi. Pasaka tumesherehekea vizuri. Careen alishona gauni jipya. Saimon amekuwa wa nane kati ya wanafunzi sitini na mbili.

Mdogo wangu, hayo ya wakili yamenitisha. Wakili kazi yake ni ugomvi, kama mimi kazi yangu ni vipuri. Pikipiki zisipoharibika mimi nafunga duka. Leo anakuhesabia tofali, kesho atawahesabia watoto. Ukoo wetu haujawahi kuonekana mahakamani, si kwa wizi wala kwa talaka. Marehemu Baba angesema nini?

Polikarp naye alipita hapa wiki ya Pasaka. Alilala siku mbili, akaleta sukari kilo tano, tukala naye. Hakusema neno baya juu yako. Alisema tu umepata washauri.

Kuhusu kiwanja, mimi nilitumwa. Mjumbe hauawi. Naomba tuliache hapo.

Kaka yako,
Egidi


Lizaboni, Songea
18 Mei 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo. Hongera kwa Saimon. Mama ameanza kuvuna; magunia yatakuwa kumi na manne kama nguruwe wa jirani watafungwa, kumi na moja kama hawatafungwa. Adela ameng'oka jino. Kaka yake Leo hasemi sana siku hizi, anakula na kulala.

Wakili hajawahesabu watoto. Ameniambia mahakama itaangalia maslahi yao, na kwa umri wao wanaweza kuulizwa wanataka kukaa na nani. Adela aliposikia aliuliza kama anaweza kuchagua nyumba badala ya mtu.

Jumanne ya tarehe 14 tulikaa barazani. Wajumbe watano. Polikarp alivaa tai. Nilieleza yangu, akaeleza yake. Nilijiandaa kusikia uongo wa kawaida, lakini ule aliousema alikuwa ameukunja vizuri kama shati la Jumapili. Alisema kiwanja alinunua kabla ya ndoa kwa pesa yake ya tumbaku. Mjumbe mmoja akamuuliza nani shahidi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu wakili alinifundisha kuandika siku hiyo hiyo:

"Pesa nilimpa shemeji Egidi mkononi. Yeye ni kaka wa huyu mwanamke, hawezi kunipendelea mimi. Atakuja mahakamani kusema. Tumeshaongea."

Polikarp alilima tumbaku kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Nilipalilia mimi. Mwaka 2011 alikuwa na baiskeli na deni la baiskeli.

Baraza limeshindwa kutupatanisha na limetoa fomu. Mara ya kumi, na hatimaye karatasi. Wakili anaandaa maombi ya kufungua shauri.

Unasema mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini huulizwa alitumwa na nani. Wewe na Polikarp mmeongea nini kwa siku mbili na sukari kilo tano?

Mdogo wako,
Oliva


Nakapanya
7 Julai 2024

Oliva,

Marahaba. Wote wazima.

Sikumwahidi kitu. Nilimsikiliza tu, na mtu akisikilizwa hudhani amekubaliwa.

Mama asiambiwe. Na barua zako uziandike kwa jina langu peke yangu, uzifunge kwa gundi, umwambie kondakta asimpe Careen hata akiomba. Ya mwisho alikuwa ameanza kuifungua.

Egidi


Lizaboni, Songea
10 Agosti 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo. Hii nimeifunga kwa gundi na uzi.

Magunia ya Mama yamekuwa kumi na mawili. Nguruwe alifungwa nusu ya msimu. Magoti yametulia yote mawili, anatembea mpaka Peramiho. Shauri limefunguliwa tarehe 22 Julai. Mahakama imetoa zuio, nyumba isiuzwe wala isipangishwe mpaka kesi iishe, na Polikarp ameagizwa kutoa matunzo ya watoto kila mwezi. Mwezi wa kwanza alileta gunia la mahindi na akaomba arudishiwe gunia tupu. Wakili anasema tuandike tumepokea mahindi, na tuandike gunia limerudishwa.

Mama sikumwambia. Yeye ndiye aliyeniambia mimi. Nilikuwa namsaidia kupanga vitu vya Baba ili panya wasile, nikakuta daftari lake la mifugo. Unalikumbuka, lenye jalada la kijani. Baba hakuwa mtu wa maneno lakini kila mnyama aliyeingia zizini au kutoka alimwandika, na tarehe, na rangi. Nikasoma mwaka 2011.

Tarehe 24 Agosti, Jumatano: wameingia ng'ombe wawili, mweusi na wa madoa, kutoka kwa Polikarp, kukamilisha mahari ya Oliva.

Tarehe 3 Septemba, Jumamosi: wametoka ng'ombe wawili, mweusi na wa madoa, na Egidi, kwenda Liuli kwao Careen.

Nilimuuliza Mama kwa nini walikaa siku kumi tu. Akasema wewe ulikuwa na haraka, wazee wa Careen walikuwa wamekupa siku ya mwisho, na ng'ombe wa dada kumwolea kaka si jambo geni. Ni kweli, si geni. Mimi ningekupa, Kaka. Ungeniomba ningekupa na ndama.

Lakini mimi huwa naangalia tarehe. Polikarp alinichumbia mwaka 2009. Miaka miwili hakuleta hata mbuzi. Alikuwa anasema wazee wake wanajipanga. Kiwanja kimeandikwa Jumamosi tarehe 20 Agosti. Jumatano, siku nne baadaye, ng'ombe wawili zizini. Sikusoma sekondari, lakini hiyo hesabu naiweza.

Nilimpelekea wakili. Akaisoma yote, akasema ni hesabu nzuri na mahakama haitaisoma kama ninavyoisoma mimi. Daftari linasema ng'ombe waliingia na kutoka. Halisemi waliingia kwa sababu gani. Anayejua sababu ni aliyekuwepo. Nikamwomba akuandikie barua akuambie cha kusema. Akakataa katakata. Akasema wakili hampi shahidi maneno. Humuuliza anachojua, akisema asichokijua upande wa pili utamvua nguo pale pale. Anachotaka ni uje, uulizwe, useme kweli, hata kama kweli yenyewe hainisaidii mimi.

Kwa hiyo sikuulizi tena kwa nini. Nakuuliza utakuja?

Mdogo wako,
Oliva


Nakapanya
21 Septemba 2024

Mlongo wangu, mdogo wangu Oliva,

Marahaba. Nimekuandikia barua hii mara nne. Tatu nimechana. Careen amekwenda kwao Liuli kwa msiba wa shangazi yake, ndiyo maana nimepata nafasi.

Karatasi ya kwanza iliandikwa jina lako. Mwenyekiti aliandika kwa mkono wake, muuzaji akasaini, nikasaini. Polikarp alikuwa nje ananisubiri na baiskeli. Nilipomwonyesha aliisoma, akanirudishia. Akaniambia: "Shemeji, mimi sitaingia kwa mke wangu kama mpangaji. Wazee wangu wakisikia, hakuna ng'ombe. Andika jina langu, wiki hii wanakuja."

Careen alikuwa na mimba ya miezi minne. Wazee wake walisema mwezi wa tisa usipite. Mimi nilikuwa na mtaji wa korosho magunia mawili. Nikarudi ndani, nikamwambia mwenyekiti nimekosea, mnunuzi ni shemeji. Hakuuliza, aliona ni heshima. Akaandika nyingine. Ile yenye jina lako nilitoka nayo, nikaiwashia sigara. Nilikuwa bado navuta.

Baba hakujua. Nilijiambia nyumba ya mume na ya mke ni moja, jina ni wino tu. Nilijiambia hivyo mpaka barua yako ya Januari.

Sasa na mimi nikuambie kilicho kigumu. Careen anajua wale ng'ombe nilinunua kwa jasho langu la Tunduru. Kwao wote wanajua hivyo. Baba yake alinisifu mbele ya watu. Na mimi kila tukigombana humwambia nilikuoa kwa jasho langu, sikuazimwa na mtu. Nimesema hivyo miaka kumi na mitatu, Oliva. Nimesema hata mwezi uliopita, kwa ajili ya mboga. Nikisimama mahakamani Songea na kueleza, siku moja zitavunjika ndoa mbili.

Muulize wakili wako kama kuna njia ambayo mimi simo. Anajua mengi, hawezi kukosa njia.

Ukishasoma choma.

Egidi


Lizaboni, Songea
2 Novemba 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo. Watoto wazima. Leo amemaliza mitihani, Adela ameota jino jipya, limekaa upande. Mama anauliza mbona huji. Nimemwambia una kazi. Poleni kwa msiba wa Liuli.

Nimechukua wiki sita kukujibu, na si kwa sababu ya tairi. Nilikasirika kwanza, ikanichukua wiki mbili. Kisha nilikuhurumia, ikachukua siku nne. Zilizobaki nilikuwa nafikiri.

Nimemuuliza wakili ulivyotaka. Njia ipo, ila ni nyembamba. Nyumba ilijengwa ndani ya ndoa kwa nguvu ya wote wawili, kwa hiyo hata kiwanja kikihesabiwa cha Polikarp, mimi nina fungu kwenye nyumba. Hakuniahidi ni kiasi gani; wakili huyu haahidi, ndiyo maana nimekaa naye. Lakini kiwanja kikiwa chake, yeye atasema anilipe fungu langu abaki na nyumba, au iuzwe tugawane. Wakati wa kugawana nitapata pesa ya vyumba viwili visivyo na ardhi. Watoto watakua kwa watu. Ndani ya tofali zangu elfu kumi na sita atalala mtu mwingine. Ikithibitika pesa ya kiwanja ilikuwa yangu, wakili ataomba nibaki mimi na watoto ndani, na Polikarp alipwe bati zake. Hiyo ndiyo tofauti utakayoleta wewe, Kaka. Umeomba njia ambayo wewe humo, na hiyo ndiyo gharama yake.

Njia nyingine ni mahakama kukutumia hati ya wito. Wakili amesema anaweza kuiomba. Nimemwambia asubiri. Sitaki watu waseme dada kamleta kaka yake kwa karatasi ya serikali. Nataka uje kwa miguu yako.

Barua yako sikuichoma. Iko chini ya godoro, hakuna aliyeisoma ila mimi. Jumatano wakili aliniuliza kama nina maandishi yoyote kuhusu kiwanja kile, hata ujumbe wa simu. Huwa namjibu papo hapo. Safari hii nilimwambia nitamjibu Ijumaa ya tarehe 15. Sikutishi. Nakueleza barua iko wapi na swali liko wapi, ujue umbali uliopo kati yao. Barua yako ikipelekwa bila wewe, Polikarp atasema imeghushiwa, itabishaniwa neno kwa neno, itasomwa kwa sauti na mtu asiyekujua, mpaka kwenye sigara. Na Liuli si mbali na Songea kwa habari.

Kuhusu wifi Careen, mimi si mshauri wa ndoa, unaona nilipo. Lakini Polikarp naye anajua hadithi ya wale ng'ombe. Kesi ikimgeukia ataisema yeye, kwa namna yake, akiwa amevaa tai. Careen ataisikia kwako, kwa Polikarp, au kwa karatasi. Ningekuwa yeye ningetaka kuisikia kwako. Unaweza kumwambia pia kwamba aliyempa wale ng'ombe ni mimi, sijawahi kuwadai, na siwadai. Watoto wake wasilipe kitu. Hilo nimeliandika na nimesaini, akitaka aisome barua hii yote.

Kesi inasikilizwa Jumatatu tarehe 18 Novemba, saa tatu asubuhi. Basi linapita hapo kwako Jumapili. Nauli nimeshamwachia kondakta, ya kuja na ya kurudi. Kwangu ni chumba kimoja. Utalala kwa jirani, nimeshaomba.

Ninachotaka ni neno moja: utakuja au hutakuja. Piga simu, tuma ujumbe, mwambie kondakta, vyovyote. Tutaona si jibu, mtandao mbovu si jibu, na mzee Nassoro asinijibu yeye. Wakili anafunga ofisi Ijumaa saa kumi jioni. Nitakuwa nimekaa mbele ya meza yake kuanzia saa tisa, simu ikiwa mkononi. Ikifika saa kumi hujasema, kimya chako nitakihesabu kuwa hapana, na nitamjibu swali lake.

Utakuja?

Mdogo wako,
Oliva